Makochi ya Mama Obedi

"Mgeni wa serikali hakalishwi kwenye ndoo," alisema Nathanaeli. "Nenda kaazime viti."

Loisi, mkewe, alikuwa anafagia. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amepita tangu alfajiri na kipaza sauti: leo afisa wa Mradi wa Paa anatembelea nyumba kwa nyumba, kila mtu abaki kwake. Mradi ulikuwa unajengea kaya zisizojiweza nyumba za vyumba viwili, tofali na bati, arobaini kwa mtaa wao. Mwezi mzima watu wa upande ule wa Mkonze hawakuwa na habari nyingine mdomoni.

"Anakuja kuangalia tunavyoishi," alisema Loisi. "Acha aone tunavyoishi."

"Ataona. Kwani tembe hili la udongo litakimbia? Lakini akikosa pa kukaa, atakwenda kusema nini huko kwa wenzake? Kwamba kwa Nathanaeli hawajui mgeni?"

Maneno yalimtoka taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo. Kiharusi kilikuwa kimempiga mwaka juzi, kikamchukua mkono wa kulia na nusu ya mguu. Kabla ya hapo alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane, na wachungaji watatu walilala kwake kwa nyakati tofauti. Hakuna aliyelala njaa. Hilo alilijua yeye na alilijua kila mtu.

Loisi aliangalia chumba. Paa la udongo lilikuwa limeinama katikati, boriti imeshikiliwa na gogo alilolisimamisha mwenyewe mwezi wa tatu, wiki ile chumba cha pili kilipoanguka. Walikuwa na kitanda kimoja, sanduku, ndoo tatu na kigoda. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki nne, tano zikichelewa. Nathanaeli hawezi kukimbia. Hesabu ilikuwa hiyo tu.

Akaweka ufagio chini, akatoka kwenda kuazima.

Hakuona kwamba anafanya jambo la ajabu. Mtaani pale hapakuwa na mtu aliyewahi kupokea posa, au askofu, au waombolezaji, kwa vyombo vyake mwenyewe tu. Viti vya mmoja vilikuwa viti vya wote, na sufuria kubwa ya jirani yao Angelina ilishazunguka misiba mingi kuliko mchungaji. Mgeni wa heshima akija, unaazima. Akiondoka, unaosha na kurudisha.

Jirani wa kwanza alikuwa Lea, Mama Obedi, mwenye watoto watano na mume aliyekwenda migodini akakaa huko moja kwa moja. Lea alimsikiliza mlangoni, akatazama nyuma ndani ya nyumba yake, akamgeukia tena.

"Makochi? Chukua yote mawili. Chukua na meza."

"Meza haina haja, Mama Obedi. Makochi yanatosha."

"Kochi bila meza, chai utaiweka magotini? Chukua na zulia. Obedi! Neema! Njooni mbebe."

"Na televisheni je?" Loisi alisema kwa utani.

"Ukitaka, chukua."

"Ya kuwasha na umeme gani?"

"Ya kutazamwa tu."

Wakacheka. Loisi akamwambia Mungu ambariki, na Lea akawa anahangaika na ncha ya zulia. Angelina akatoa chupa ya chai na vikombe sita vya maua. Saa nne tembe la Nathanaeli lilikuwa na sebule. Yeye mwenyewe alikuwa amevalishwa koti lake la kanisani, ameketi kwenye kochi, mkono mbovu umewekwa juu ya paja kama vile ameuweka mwenyewe.

*

Afisa aliitwa Gladness. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vyake vimejaa vumbi, kishikwambi mkononi. Aliingia na Halfani, mwenyekiti wa mtaa, mtu wa Kondoa aliyehamia pale zamani na kufungua duka la nafaka.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo, hilo ndilo zuri," alisema Nathanaeli.

Gladness alikaa. Akanywa chai, akaomba na kikombe cha pili, na Nathanaeli akamtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha maswali yakaanza. Gladness aliuliza kwa upole, akabonyeza, akauliza, akabonyeza.

"Nyumba ina vyumba vingapi?"

"Viwili," alisema Loisi. "Kimoja kimeanguka."

"Milo mingapi kwa siku?"

"Mmoja. Wakati mwingine..."

"Miwili," alisema Nathanaeli.

"Mna makochi," Gladness alisema, akabonyeza. "Meza. Zulia. Kuna mtu anayewasaidia? Mtoto, ndugu?"

"Binti yetu Jenifa yuko Mwanza," alisema Nathanaeli. "Anafanya kazi benki. Anatuangalia."

Loisi aliangalia maua ya kikombe. Jenifa alikuwa anafagia benki, si kufanya kazi benki, na alipiga simu mara ya mwisho kabla ya Pasaka. Namba yake sasa ilikuwa inajibiwa na mashine. Neno lilimfika Loisi hadi kwenye meno. Lakini Nathanaeli alikuwa amekaa wima, kitu ambacho hakuwa amekiweza kwa miezi mingi, na mgeni alikuwa bado ana chai mkononi. Huwezi kumbishia mume mbele ya mgeni, chai haijaisha. Akasogeza chupa ya chai karibu na mgeni.

"Asanteni, mmenikaribisha vizuri sana," alisema Gladness akiinuka. "Nyumba nyingine leo nimesimama tu."

Walipotoka, Nathanaeli alicheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. "Umesikia? Nyumba nyingine kasimama."

*

Orodha ilibandikwa baada ya wiki mbili, ukutani mwa ofisi ya mtaa. Loisi aliisoma kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata, kisha kutoka chini hadi juu. Watu walikuwa wanamsukuma. Mmoja alikuwa anapiga vigelegele mgongoni kwake.

Halfani alikuwa ndani, kwenye meza.

"Mama Jenifa, si mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Mfumo umewatoa. Kuna alama. Ukizidi hamsini unahesabika unajiweza. Nyie mna sitini na mbili."

"Sisi tunajiweza?"

"Makochi, meza, zulia. Mtoto mwenye ajira benki. Hizo zina alama kubwa."

"Mwenyekiti, wewe unatujua. Uliingia na yule binti. Ukayaona makochi ukanyamaza?"

"Nikasema labda Jenifa ameleta. Mama, mimi nitasemaje mbele ya mgeni kwamba vitu vya mtu si vyake? Nimvue nguo Mzee Nathanaeli nyumbani kwake?"

Alikuwa anasema kweli, na Loisi alijua. Akageuka kutoka, kisha akasimama.

"Mama Obedi yumo. Namba thelathini na nane."

"Yumo."

"Kwake mlikuta nini?"

Halfani alikohoa. Akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. "Mkeka," alisema. "Mkeka na jiko la mkaa. Chumba cheupe kabisa. Yule binti alisikitika."

Loisi alibaki amesimama pale mlangoni mpaka mtu aliyekuwa anataka kuingia akamwambia samahani mama, naomba nipite.

"Jumamosi kuna mkutano wa hadhara," Halfani alimwambia kwa nyuma. "Mwenye malalamiko anasimama mbele ya watu anasema. Ndiyo njia pekee. Simama useme."

*

Alimkuta Lea bombani, kwenye foleni ya ndoo. Wanawake wawili waliokuwa mbele walichota wakaondoka, wakabaki wao na maji yanayotiririka kidogokidogo.

"Ulijua," alisema Loisi.

Lea hakuuliza nini. "Sikukuita. Ulikuja mwenyewe mlangoni kwangu unaomba. Niseme sina?"

"Ungeniambia. Mama Jenifa, leo mtu hapambi, leo mtu anakaa chini. Maneno machache tu hayo."

"Na kichwa chako kilikuwa wapi? Mtaa mzima ulikuwa unaficha! Televisheni ya Angelina ililala ndani ya pumba siku mbili. Mama Neli aliwafungia mbuzi kwa shemeji yake. Wewe peke yako Dodoma nzima ndiye uliyepamba."

"Nimepamba kwa vitu vyako."

"Kwa vitu vyangu, ndiyo."

Ndoo ya Lea ilijaa, ikaanza kumwagika. Hakulifunga bomba.

"Jumamosi nitasema," alisema Loisi.

"Usinitaje."

"Nitasemaje bila kukutaja?"

"Sema umeazima. Basi. Mama Jenifa, nina watoto watano. Mvua ikinyesha tunasimama ukutani, wote sita, mpaka iishe. Yale makochi ni ya yule mwanaume, alileta mwaka ule alipopata hela, na hayazuii maji. Nyie mko wawili tu."

"Hata wawili wanalowa," alisema Loisi.

Lea alijitwika ndoo, maji yakimmwagikia shingoni. "Nilikukopesha chumvi mara ngapi," alisema. Halikuwa swali, na kwa kweli lilikuwa na jibu: mara nyingi. Loisi alilijua jibu hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

*

"Hutasimama," alisema Nathanaeli.

"Paa litatuangukia."

"Lituangukie. Utasimama mbele ya watu useme nini? Kwamba mzee wa kanisa alimdanganya mtoto wa serikali? Kwamba anakalia ndoo?"

"Anakalia ndoo," alisema Loisi. "Ndiyo hiyo uliyokalia."

Alikuwa mwanamke wa kusema mambo yalivyo, na mara nyingi alijutia hilo dakika moja baadaye. Nathanaeli aliangalia ukuta.

"Na Jenifa?" aliuliza. "Naye utamtaja?"

"Wataniuliza."

"Sema lolote kuhusu viti. Lakini ukisema mtoto wangu ametusahau, mbele ya watu wale, mimi na wewe tumemalizana."

Loisi alichukua boga akaanza kulimenya. Alitaka kumwambia kwamba hata yeye, kila asubuhi, hupiga namba ile, na huisikiliza ile mashine mpaka mwisho kwa sababu sauti yake ni ya mwanamke kijana. Wakala boga, kila mmoja na bakuli lake.

*

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi, watu kama mia mbili, wengine wamekaa chini, wengine wamejiegemeza kwenye pikipiki. Gladness alikuwa mezani na kishikwambi chake. Halfani akafungua kwa kuwapongeza walioandikwa. Makofi. Kisha akauliza kama kuna mwenye malalamiko, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kusikia kwamba hayupo.

Loisi alisimama.

"Kaa chini, mama, makochi yatapoa!" sauti ya kijana ilisema kutoka nyuma, na kicheko kikapita uwanjani. Kumbe wote walikuwa wanajua. Walikuwa wamejua tangu siku ile makochi yanapita njiani vichwani mwa watoto.

"Naitwa Loisi Mazengo," alisema. "Tumetolewa kwa sababu ya makochi. Makochi si yetu. Tuliazima."

"Mliazima kwa nini?" aliuliza Gladness.

"Kwa sababu ulikuwa unakuja."

Watu wakacheka tena, lakini Gladness hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine alilokuwa nalo siku nyingi.

"Ya nani, mama?"

Loisi alitafuta uso wa Angelina, akaukuta unaangalia kanga yake. Alimtafuta Lea. Lea alikuwa amekaa mstari wa tatu na mtoto wake wa mwisho magotini, anamfunga kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa.

"Waliotoa wenyewe wanajua," alisema. "Waseme."

Mtoto wa Lea alisema, "Mama, unanibana."

"Bila jina, mama, hayo ni maneno tu," alisema Gladness. "Kila mtu anaweza kusimama aseme vitu vyake si vyake. Nahitaji shahidi au nahitaji jina."

Loisi aliona kwamba anaweza bado kukaa chini. Nafasi yake pale chini ilikuwa wazi, upana wa kanga moja. Lakini akawaza lile gogo chini ya boriti, na jinsi lilivyolia usiku wa mvua ya mwisho, na Nathanaeli amelala chini yake, mkono mmoja.

"Ya Mama Obedi," alisema. "Meza na zulia pia. Chupa na vikombe ni vya Angelina. Nilirudisha jioni ileile, vyote vizima."

Mguno ukapita. Lea alisimama, akamweka mtoto kiunoni, akatoka uwanjani kwa mwendo wa kawaida, kama mtu anayekwenda kuepua chungu.

"Na binti wa benki?"

"Anafagia. Hajatuma kitu tangu mwaka jana. Hatujui yuko wapi." Akakaa. Alikuwa amesema yote, na miguu yake haikuwa na kazi nyingine.

Gladness aliandika kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akasema mambo mawili. La kwanza, wanakwenda sasa hivi kuona nyumba ya mama huyu. La pili, kwa kuwa mtaa huu unaazimana, Jumatatu na Jumanne ataanza upya nyumba zote arobaini, bila kipaza sauti.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Na hakuna aliyemzomea Gladness.

Walikwenda karibu nusu ya mkutano. Watu wazima, watoto, mwanamke aliyekuwa anauza karanga na beseni lake. Nathanaeli alikuwa ndani, na fulana yake ya kulalia, amekalia ndoo iliyogeuzwa, anakula ugali wa mtama kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuwa wake tena. Mlenda ulikuwa umemdondokea kidevuni. Aliinua uso akaona mlango umejaa vichwa.

"Shikamoo, baba," alisema Gladness. "Samahani. Tunapiga picha kidogo."

Nathanaeli hakujibu salamu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuacha shikamoo ya mtoto wa mtu ikianguka chini. Gladness alipiga picha nne: ndoo, kitanda, boriti, na ile picha ambayo ilibidi awepo Nathanaeli kwa sababu chumba kilikuwa kidogo.

*

Orodha mpya ilitoka Jumatano. Watano walikuwa wametolewa, Lea mmojawapo, Angelina mwingine. Loisi na Nathanaeli Mazengo walikuwa namba thelathini na sita.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Chini ya orodha palikuwa na masharti, na Loisi akayasoma peke yake. Mradi unatoa tofali, saruji, bati na fundi. Msingi unachimbwa na wananchi: kila kaya ilete watu wanne wa kujitolea. Msingi usiochimbwa hadi Alhamisi ya wiki ijayo, vifaa vinahamia kwa kaya ya akiba.

Alhamisi alizunguka. Mama Neli alisema mgongo unamsumbua. Angelina alimwongelesha dirishani, mlango umefungwa. "Tukija kuchimba, si utatutaja tumekuja na jembe la nani?" alisema, na mtu ndani akacheka. Umoja wa wanawake wa kanisa walimwambia wana kongamano Chamwino wiki nzima, jambo ambalo lilikuwa kweli, na wangeweza kuliahirisha kama walivyowahi kuliahirisha kwa ajili ya wengine. Vibarua wa barabarani walitaka elfu kumi na tano kila mmoja. Yeye alikuwa na elfu nane, na hiyo ilikuwa ya unga. Alipofika kwa Lea hakubisha hodi. Alipita.

Nyumbani Nathanaeli alikuwa hajasema neno tangu Jumamosi. Alikula alichopewa. Alipotaka kugeuzwa aligonga kitanda na vifundo vya vidole.

Ijumaa asubuhi Loisi aliazima sururu kwa Halfani, ambaye alimpa bila kumtazama usoni, na akaanza kuchimba. Fundi wa mradi alikuwa ameshapima, vigingi na kamba. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu na laini. Futi moja chini ulikuwa mweupe, mgumu, sururu inaruka na kurudi. Mchana aliacha, akajua kwamba kwa nguvu peke yake hataweza, itabidi atumie akili. Jioni alichota ndoo sita za maji, akayamwaga mtaroni, akayaacha yanywewe na udongo. Asubuhi udongo ulikuwa umelegea kiasi cha kiganja. Akachimba kiganja. Jioni akamwaga tena. Bombani, akifika, mazungumzo yaliisha. Hawakumtukana. Walimpa zamu yake, wakamsubiri aondoke.

Ndivyo alivyokwenda, kiganja kwa kiganja, Jumamosi, Jumapili baada ya ibada kanisani, ambako alikaa kwenye benchi zima peke yake. Mikono ilipasuka. Alisema maneno ya sauti wakati akichimba, "haya," na "toka," na "jiwe gani hili," kwa sababu alikuwa amezoea kusema na mtu. Jumatatu Lea alipita njiani na ndoo. Alisimama. Loisi naye akasimama, mtaro ukimfika mapajani, jasho likimwingia machoni. Aliona Lea anaangalia mtaro wote, pande zote, kama mtu anayepima. Alitamani atukane. Lea alihamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda ule, akaendelea na safari.

Jumanne mawingu yalisimama upande wa Zuzu, meusi chini. Hayakunyesha.

*

Fundi wa mradi alifika Alhamisi saa tatu na pikipiki. Aliitwa Hamza, kijana mpole, si wa mtaa ule, mwenye misingi mingine sita ya kukagua siku hiyo.

"Shikamoo, mama. Watu wako wako wapi?"

"Marahaba. Pima."

Hamza alishuka mtaroni na futi ya chuma. Alipima kila kona, akipiga magoti. Kona ya mwisho akasimama. "Hapa pamepungua inchi mbili."

"Ngoja."

Loisi alishuka akachimba inchi mbili. Kijana alisimama juu, mikono mifukoni, akaitoa, akairudisha. Mara mbili alinyoosha mkono kuomba sururu, na mara mbili Loisi hakuuona au alijifanya. Akapima tena. Ikatosha. Akafungua fomu juu ya kiti cha pikipiki.

"Majina ya waliojitolea. Wanne."

"Loisi Mazengo."

"Wa pili?"

"Loisi Mazengo."

"Mama, fomu haikubali hivyo."

"Shimo ndilo hilo. Lina pande nne, zote nimechimba mimi."

Hamza alijikuna kichwa na kalamu. "Sikiliza, mama yangu. Wengine wananitajia tu. Taja mjomba, taja shangazi, mimi siwajui. Taja majina matatu niondoke."

"Nimeshataja watu vya kutosha mtaa huu," alisema Loisi. "Sitaji mwingine."

"Ofisini wataniuliza."

"Andika."

Haikuwa sauti ya Loisi. Nathanaeli alikuwa amejiburuta hadi mlangoni, ameegemea fremu, bega moja chini. Sauti ilikuwa imekwama, kama mlango wa ghala usiofunguliwa siku nyingi. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu aache kusema.

"Andika Nathanaeli Mazengo."

Hamza aliangalia ule mkono uliokuwa unaning'inia. "Shikamoo, mzee. Ulishika jembe?"

"Marahaba. Sikushika."

"Sasa nikuandike umefanya kazi gani?"

"Kazi? Hakuna." Nathanaeli alivuta pumzi, akatafuta maneno kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Kosa lilikuwa langu, na nilimwachia alibebe peke yake. Andika."

Hamza hakujua ni kosa gani. Alimtazama Loisi, aone kama mzee ana akili zake. Loisi alikuwa anafuta sururu kwa pindo la kanga, anaifuta palepale pasafi.

"Mwandike," alisema. "Na yeye ni wa nyumba hii."

Hamza aliandika majina mawili. Mistari miwili ya chini akaiacha wazi, akapiga sahihi, akasema tofali zinaletwa Jumamosi, akawasha pikipiki.